Dende wa Maji Matupu

Mimi sipendi kuambiwa mara mbili. Mji mzima wa Baraka unajua hivyo, kuanzia wamama wenzangu wauza ndagala, dagaa wa huku kwetu, hadi vijana wa pikipiki wanaopitisha magurudumu yao karibu na mabeseni yetu. Kwa hiyo siku ile Anatole aliponiambia mara tatu, kidole juu, kwamba kizimba cha kushoto kipewe maji ya kijani na kizimba cha kulia kipewe maji matupu, nilimjibu kwamba mimi nilimwona akitambaa na makalio nje, asije kunifundisha kushoto na kulia.

Laiti ningemsikiliza.

Lakini nianze na Consolate, maana habari hii ni yake. Mimi nimeingia kwa ubishi wangu tu.

Consolate ni Mrundi. Alifika na wakimbizi wenzake mwaka ule kambi ya Lusenda ilipofunguliwa, na hajarudi kwao hadi leo. Ni mkulima, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Ukimuuliza kitu ananyamaza kwanza mpaka unadhani hakukusikia. Mara ya kwanza nilipomwona sokoni alikuwa amepanga chupa chini, juu ya kikwembe, zimejaa maji ya kijani, na mimi nilimcheka wazi wazi.

"Mama, we unauzisha nini? Utelezi wa mawe?"

"Ego, mama," akasema. Ndiyo kwa Kirundi. "Ni ule utelezi wa mawe ya ziwa. Ninaukwangua, ninaukausha, ninautokosa, ninachuja."

"Na batu banakunywa?"

"Banakunywa. Banasema inaleta nguvu na inaongeza damu."

"Na we mwenyewe unasema nini?"

Akaangalia chupa zake moja moja.

"Mi sijui bado," akasema.

Hebu niambie! Nina miaka thelathini na moja nauza ndagala katika soko hili. Sijawahi kumsikia muuzaji akisema hajui. Sisi samaki akiwa ameoza hadi macho yamedondoka, tunaapa kwamba amevuliwa leo asubuhi. Nikavuta kigoda changu nikakaa karibu naye, maana nilitaka kujua huyu ni mtu wa namna gani.

Akanieleza. Mtoto wake wa mwisho, Iteka, alipokuwa na miaka miwili alivimba miguu na nywele zikawa nyekundu kwa kukosa chakula. Mvuvi mmoja wa Swima akamwambia Consolate kwamba zamani kule walikuwa wakiwapa watoto dhaifu ule ukijani wa mawe. Akaenda, akakwangua, akampa. Siku zile zile wauguzi wa kambini nao walikuwa wakimpa mtoto yule unga wa karanga wa kwenye pakiti. Iteka akapona, akanenepa, sasa anakimbia hovyo.

"Nilimupatia vyote viwili pamoja," Consolate akasema. "Kwa hiyo sijui ni nini ilimuponesha. Njo ile inanisumbua mu kichwa."

Wengine wangesema ni maji yangu, wakaendelea kuuza. Yeye alikuwa ameshakwenda kwa Anatole, mtoto wa jirani yangu Marthe, aliyesomea dawa Bukavu na sasa anafanya kazi katika labo ndogo ya kituo kimoja cha afya hapa Baraka. Akamwekea chupa mezani akamuuliza, "Nitajua namna gani kama hii kitu inasaidia, ao inauwa?" Anatole aliniambia baadaye kwamba tangu aanze kazi watu wanakuja kumwomba dawa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea swali.

Sasa niseme la kwangu. Binti yangu Immaculée alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya miezi mitano. Mume wake, Darius, yuko Misisi anachimba dhahabu, na kule si mahali pa kuzalia. Mimba ya kwanza ilitoka, na damu ikatoka nayo hadi tukadhani tunamzika. Safari hii Anatole alimpima akaniita pembeni.

"Mama Florentine, damu yake iko saba. Inapashwa kuwa kumi na moja. Akizala na damu saba, mi naogopa."

Walimpa vidonge vya chuma. Akivimeza asubuhi, anatapika. Siku ya kumi akavitupa chini ya kitanda na mimi nikavikuta nikifagia. Nililia, sifichi. Kisha nikafunga kikwembe changu nikaenda moja kwa moja kwa Consolate, nikamwambia anipe chupa mbili, za binti yangu.

Akakataa.

"Mama Florentine, mwanamuke mwenye mimba iko anakunywa kwa batu babili. Mi sitamupatia kitu sijajua."

"Lakini bengine unabauzishia!"

Akainamisha kichwa. "Ego. Na ile haiko muzuri. Lakini wa mimba, hapana."

Nilimtukana. Nilimwita mchoyo, nilimwita mchawi, nilisema maneno hadi soko lote likageuka. Yeye akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, "Saidia tujue, mama."

Ndivyo nilivyokwenda kumgombeza Anatole naye. Kwa nini hapimi? Anasubiri nini, mwanangu afe? Anatole akasema hana wanyama, hana mahali, hana hata mizani. Nikamwambia, mizani ninayo, ya ndagala. Mahali ninapo, nyuma ya jiko. Na wanyama, je, ni haba? Nyumba yangu imejaa dende.

Dende, kwa asiyewajua, ni wale wanyama wadogo kuliko sungura, wasio na mkia, wenye manyoya, wanaopiga mluzi wakisikia majani yanaletwa. Tunawafuga jikoni, na mgeni wa heshima akija ndiye anayechinjiwa. Anatole akacheka, akasema hata huko Ulaya wenye maabara kubwa wanatumia hawa hawa.

Basi tukachagua dende kumi na wawili. Sita kushoto, sita kulia. Majani yale yale, hewa ile ile. Wale wa kushoto Immaculée akawapaka masikio kwa rangi yake nyekundu ya kucha, ili wasichanganyike. Kila asubuhi kila mmoja wao adondoshewe mdomoni maji ya kijani kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Wale wa kulia wadondoshewe maji matupu kwa bomba jingine. Kila Jumamosi Anatole aje kupima uzito. Siku ishirini na nane.

"Kwanza tujue haiuwe," akasema. "Kisha njo tutauliza kama inasaidia."

Na Consolate akamwahidi Immaculée mbele yetu sote: siku dende wataonyesha kwamba haidhuru, yeye mwenyewe atamminia kikombe cha kwanza.

Siku tatu nilifanya kama nilivyoambiwa. Siku ya nne nikashindwa.

Consolate alikuwa ametia maji ya muwa kidogo katika ile dawa, ili wanyama wasiiteme. Ole wangu. Dende wa kushoto wakawa wakiona bomba wanapanda juu ya wenzao, wii, wii, wii, wanakunywa wanalamba midomo. Na wale wa kulia wanasikia harufu, wanasimama kwa miguu miwili, wameshika miti ya kizimba, wananitazama. Ninawapa maji matupu, wanayatema. Wanalia tena. Sita wanakula utamu, sita wanatazama.

Mimi nimelelewa na mama wa kabila la Wabembe. Kwetu watoto wanakula sahani moja, na wa jirani akitokea anasogezewa nafasi bila kuulizwa ametoka wapi. Nikiwa mdogo nilikula kipande cha samaki aitwaye mukeke nyuma ya nyumba, wadogo zangu wakinitazama, na mama alinichapa mpaka leo nikimwona mukeke mgongo unaniuma. Kumlisha mmoja mbele ya mwenzake! Mkono wangu ulikataa. Nikagawa dawa nusu kwa nusu, wakapata wote kumi na wawili, wakanyamaza, na mimi roho yangu ikatulia. Kesho yake hivyo hivyo. Hata sikuona kama ni kosa. Niliona ni adabu.

Na sikumwambia Anatole. Alikuwa ameniambia mara tatu, na mimi nilikuwa nimejibu kwa kiburi. Mdomo wangu ungepitia wapi?

Wiki ya tatu manyoya yao yakasimama. Mluzi ukapungua. Jumamosi mizani ikaonyesha wamekonda, kushoto na kulia. Siku mbili baadaye akafa mmoja wa sikio jekundu, na kesho yake mmoja wa kulia. Niliwazika nyuma ya choo nikajiambia ni baridi, ni majani mabaya, ni ugonjwa umepita mtaani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno. Wiki iliyofuata wakafa wengine wawili, mmoja hapa, mmoja pale.

Siku ya ishirini na nane tukakusanyika uani kwangu asubuhi: Anatole na daftari lake, mama yake Marthe, Consolate aliyepanda pikipiki tangu Lusenda, Immaculée, na mimi. Immaculée alikuwa mweupe midomo. Kuvuka uwanja tu alihitaji kushika ukuta.

Anatole akapima wa mwisho, akahesabu, akahesabu tena. Akavua miwani.

"Hakuna tofauti," akasema. "Kushoto bamekonda, kulia bamekonda vile vile. Kushoto bamekufa babili, kulia babili. Bale ba maji matupu nabo bamegonjwa. Kwa hiyo haiko maji ya kijani njo imebagonjwesha. Ni kitu ingine imeingia mu nyumba."

"Kwa hesabu hii, haikubadhuru?" Consolate akauliza.

"Kwa hesabu hii, hapana. Lakini tutarudia, na nitaandikia Bukavu, na..."

Nani alimsikia? Marthe alikuwa ameshapiga vigelegele. Immaculée alikuwa ameshaingia ndani kuleta kikombe. Na Consolate, mwanamke yule mkavu, nilimwona kwa mara ya kwanza analia. Alikuwa amebeba swali lile miaka mingi. Akafungua chupa, akamimina, kidogo tu, nusu ya kikombe, kwa mikono miwili, kama alivyoahidi. Alimimina kwa sababu aliamini mikono yangu.

Immaculée akainua kikombe. Nikaona ule ukijani unakaribia mdomo wa mwanangu.

"Acha!" nikapiga kelele. "Usikunywe! Mwaga!"

Sikungoja. Nikapiga kikombe, kikaruka hadi kwenye mawe ya jiko. Wote wakanigeukia.

"Nilibapatia bote," nikasema. "Bote kumi na babili. Tangu siku ya ine. Hakuna mwenye alikunywa maji matupu."

Anatole akakaa chini, akakalia beseni langu la ndagala bila kutazama.

"Florentine," Marthe akasema, "juu ya nini?"

"Balikuwa banalia," nikasema, na mimi mwenyewe nikaanza kulia. "Bengine banakula, bengine banaangalia. Nilishindwa, mama yangu. Nilishindwa."

Nilijua ninachostahili. Nimewatukana watu kwa makosa madogo kuliko hayo. Mwezi mzima umepotea, dende wanne wamekufa, na mwanangu alikuwa amebakiza kidole kimoja kufika kwenye sumu, kwa sababu mama yake aliona haya kusema. Nikasubiri Consolate anirudishie yote niliyomrushia sokoni.

Yeye akaja akaniketisha.

"Na mi nilifanya vile na Iteka," akasema. "Vyote viwili pamoja. Ni huruma, mama. Huruma haijue kupima." Akamgeukia Anatole. "Sasa tunajua kitu. Ni maji yangu njo imebauwa."

"Inaonekana hivyo, mama."

Consolate naye akakaa chini, mikono juu ya magoti. Tulidhani anaomboleza biashara yake. Kumbe anafikiri. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, na ambalo angeweza kwenda nalo kaburini.

"Ile ya Iteka nilikwangua ku mawe ya Swima, pale fasi ziwa linapiga. Hii ya sasa, batu bamekuwa mingi, bananiomba kila siku, nikachoka kukwangua. Nikapata fasi maji inalala, mu kona, haitembee. Kukiwa jua kali maji inakuwa ya kijani yenyewe. Nikachota na beseni. Chupa zote za mwezi huu na mwezi ulipita ni za kule."

Anatole akainua kichwa. Akatueleza kwamba maji yanapolala hivyo na kupata joto, huota ndani yake vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingine vina sumu, na sumu ile hata ukiichemsha haitoki. Mawe yanayopigwa na mawimbi ni habari nyingine. Labda. Akasisitiza lile labda.

Consolate hakula kwangu siku ile. Alinyanyuka akaenda kutafuta chupa zake.

Nilikwenda naye. Siku tatu tulizunguka Baraka, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. "Mama, nilikuuzishia maji ya kijani. Nirudishie, usikunywe tena. Nilikosea." Basi. Hakuongeza neno la kujitetea. Wengine walirudisha, wengine walisema wameshamaliza na tumbo liliwasumbua, na wao akawapeleka kwa Anatole wapimwe. Mungu alisaidia, hakuna aliyepatwa na baya kubwa. Mwanamume mmoja karibu na bandari akamwambia, "Bakimbizi, tumebapokea, sasa munatuuwa." Consolate alimwomba samahani. Mimi sikuomba. Nilimpa yule baba maneno hadi mke wake akatoka kumfungia ndani, na nadhani mpaka leo akiniona sokoni anapita upande wa pili. Chupa zote tulizimwaga katika shimo la choo. Alikataa kabisa zimwagwe ziwani.

Baada ya hapo pale pake sokoni pakawa wazi. Akarudi kulima mashamba ya watu.

Mimi niliuza miaka yote hiyo nikijiona mwanamke shupavu. Shupavu wa mdomo! Ule ushupavu wa kugonga mlango wa mteja wako na kumwambia nilikosea, nirudishie, mimi sikuwa nao, na sikumjua mtu aliyekuwa nao.

Wiki mbili zilipita, akaja na vifurushi viwili vya ukijani mkavu: kimoja cha maji yanayolala, kimoja cha mawe ya Swima. Alitaka turudie. Safari hii vizimba vitatu, dende wapya kumi na wanane. Marthe akatoa wa kwake. Anatole akauliza nani atalisha, na nikaangalia chini, maana jibu nililijua. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema kwamba hakuna neno, watafute mwingine.

"Ni Mama Florentine," Consolate akasema.

"Mama, pole," Anatole akasema, "lakini tuliona..."

"Tuliona alisema kosa lake mbele ya batu bote, na angeweza kunyamaza. Huyu njo namwamini. Akikosea tena, atasema."

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kijiko.

Lakini nikawaza. Tatizo lilikuwa kilio, na kilio kililetwa na muwa. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nikatia maji ya muwa katika mabomba yote matatu, na lile la maji matupu pia, kipimo kimoja. Nikamwita Anatole kabla sijawapa, aone. Sikutaka tena kuwa na siri na wanyama. Anatole akaangalia, akaanza kucheka peke yake. Akasema hata wasomi wakubwa wanafanya hivyo hivyo, wanafananisha ladha ili asiyepata dawa asijue kwamba hakupata. "Mama Florentine, hiyo njo mi nilisahau. Kosa la kwanza lilikuwa langu." Wote kumi na wanane wakanywa, wakalamba midomo, hakuna aliyelia, na mkono wangu haukukataa tena.

Siku ishirini na nane. Sikio jekundu kwa wa maji yanayolala, sikio jeupe kwa wa mawe, sikio bila rangi kwa wa maji matupu. Wiki ya tatu wekundu walianza kusimama manyoya, na Consolate akasema basi, waachwe, tumeshaona, hakuna haja wafe wote. Tukaacha, na bado wakafa wawili. Weupe na wasio na rangi walikuwa wakirukaruka, uzito sawa sawa.

"Kwa hiyo ya mawe iko muzuri!" Marthe akasema.

Anatole akamtazama Consolate, Consolate akamtazama Anatole. Ni Consolate aliyejibu.

"Haikudhuru dende kwa siku ishirini na nane. Njo yote tunajua."

"Na damu? Inaongeza?"

"Ba sikio nyeupe habakuzidi bengine kwa kitu. Damu hatujaipima. Sijui bado."

Anatole alituma kipande cha ule ukijani mkavu wa mawe Bukavu ili waangalie kilichomo ndani, na jibu tunalingoja. Wamama sokoni wanamuuliza Consolate kila wiki ataanza lini kuuza tena. Anawajibu, "Nikijua."

Na Immaculée? Immaculée hakunywa kijani hata tone. Consolate ndiye aliyemrudisha kwenye vidonge. Alimuuliza Anatole maswali mengi hadi wakakubaliana: asimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, ameze jioni baada ya ugali na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, kisha akae ametulia, anyonye tangawizi. Jumatano na Jumamosi alikuja mwenyewe akakaa mbele yake hadi kidonge kishuke. Siku nyingine alipiga simu. Saa kumi na mbili kamili simu inalia. "Umemeza?" "Nimemeza, mama." "Fungua mudomo." "Mama, ni telefone!" "Fungua vile vile." Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Damu ikapanda nane. Ikapanda tisa na nusu. Wiki ya mwisho Anatole akasoma kumi nukta mbili, akaja nyumbani kwetu mbio akiwa bado amevaa glavu.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa kituoni, mchana, akapiga kelele mpaka wahudumu wakasema huyu ni mjukuu wa Florentine, hakuna haja ya kuuliza. Mama yake hakupoteza damu nyingi. Darius alifika kutoka Misisi siku ya tatu, vumbi hadi kwenye kope, akakaa anamwangalia mtoto bila kumgusa, anaogopa kumchafua.

Jumapili iliyofuata nilimwalika Consolate. Nilitaka kumheshimu kama anavyoheshimiwa mama mkwe. Nikatandika kitambaa kipya, nikamketisha kwenye kiti chenye mikono, nikamchinjia dende, nikampika na nyanya na vitunguu hadi Marthe akaja mwenyewe kwa harufu. Nikaweka sahani mbele yake. Watu wote wakamngojea mgeni aanze.

Consolate akaitazama sahani. Kisha akainua macho.

"Mama Florentine, huyu dende ametoka mu kizimba gani?"

Marthe akashika mdomo. Kwetu mgeni kuuliza nyama ilikotoka ni tusi, ni sawa na kusema umemwekea sumu. Nikasikia damu inanipanda kichwani, nikasimama, mikono kiunoni, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Immaculée alikuwa amekaa mkabala, mtoto titini, midomo yake myekundu. Nikamwangalia. Nikalimeza lile neno.

Kama mtu mmoja tu katika nyumba hii angeniuliza hivyo siku ile ya kikombe, nisingekaribia kumzika binti yangu.

Nikaenda jikoni, nikaleta ngozi, nikamwonyesha masikio, la huku na la huku. Hakuna rangi.

"Wa maji matupu," nikasema.

"Una hakika, mama?"

Na mimi, nisiyependa kuambiwa mara mbili, nikamjibu mara ya pili, polepole, mbele ya watu wote.

"Wa maji matupu, dada yangu. Kula."

Akanawa mikono, akala.